Uhuru wa Dakika Saba

Ziwani, Mtwara
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hapo umesema marahaba kwa sauti ingawa uko peke yako na karatasi, kwa hiyo nimekungoja kidogo. Goti linasemaje? Kaka Ramadhani aliniambia umeanza tena kupanda mlima kwenda kuangalia mizinga ya nyuki. Nikamwambia akufungie mlango, akacheka tu. Alizeti imekubali mwaka huu, au mvua imewachezea tena? Mimi mwili mzima, sina homa wala kikohozi. Kichwa ndicho kinachouma, na wanaokiumiza ni watu, kama utakavyosoma.

Ningepiga simu, lakini simu yako anaishika Rehema. Tangu ile Idi tuliyogombana, akiona jina langu anakuletea simu bila hata kusema halo, kisha anakaa pembeni anasikiliza. Mtoto wangu mwenyewe, miaka kumi na saba, anayeniambia kwa ukimya wake kwamba mimi ni askari jela. Kwa hiyo naandika, usome peke yako.

Fomu yake uliyompa dereva wa basi imefika pamoja na asali. Asali ilivuja ikaipata fomu pembeni, lakini maandishi yanasomeka. Nimesoma pia kile kikaratasi chako: "Hadija, sema neno moja, mtoto aende chuo cha ngoma au asiende. Mimi nimechoka kukaa katikati yenu." Umechoka, Mama, na una haki. Nafasi aliyopata ya shule ya michezo, ambayo nimeisugulia magoti miaka minne, anataka kuitupa akajifunze kucheza ngoma. Nimeshakataa mara mbili. Sasa imebaki hiyo sahihi yangu tu, na fomu imekaa mezani kwangu wiki tano nikiiwekea kikombe cha chai juu yake. Wiki tano hizo hizo nimekuwa nikiishi na mambo ambayo lazima nikusimulie, maana bila hayo hutaelewa nilichofanya.

Unajua ile timu yangu ya mpira wa pete. Ni wanawake wanaobangua korosho kwenye banda lililo karibu na shule ninayofundisha. Mchana kutwa wanakaa chini na vidole vyao vimeliwa na mafuta ya maganda hadi vimekuwa vyeusi, na jioni wanakuja uwanjani kwetu kucheza. Nahodha ni Somoe, mama wa watoto watatu, anadaka mpira hata ukimtupia kwa hasira. Nimewafundisha miaka sita. Nimewanoa, wakaanza kuwafunga hata wale wa Mpapura waliokuwa wanatucheka.

Basi akaja kijana mmoja kutoka Dar es Salaam, anaitwa Kelvini, ana nywele za kusokota na mfuko wa begani asiouachia hata akila. Anajiita mwelekezi. Akasema anatengeneza onyesho la sanaa linalochanganya michezo na ngoma ili kuchunguza madaraka na uhuru, na anataka wanawake halisi. Nikamwuliza wanawake wasio halisi ameshawaona wapi, akaandika jibu langu kwenye daftari. Nilitaka kumfukuza siku ile ile. Lakini akasema onyesho likiisha, nguzo za goli na pete zake mpya zitabaki shuleni, na zetu unazijua, moja imeinama kama mtu anayetafuta sindano. Nikakubali. Tena, nikuambie kweli, nilikubali haraka zaidi aliposema anahitaji mwamuzi, na mwamuzi huyo ni mimi.

Onyesho lenyewe lilikuwa hivi. Sehemu ya kwanza inaitwa Madaraka. Mimi nasimama juu ya meza katikati ya uwanja, nimevaa suti nyeusi na miwani ya jua. Nikipuliza filimbi mara moja wanapasiana mpira. Mara mbili, wanaganda. Mara tatu, wanapiga magoti. Sehemu ya pili inaitwa Uhuru. Ngoma inaanza, wanaacha kunisikiliza, wanacheza sindimba, ile ngoma ya viuno ya huku, na mpira mikononi, kila mtu anavyotaka, kwa dakika saba. Kisha napuliza filimbi ndefu, wote wanaanguka chini, mwisho. Watu wanaondoka wakitafakari.

Sasa nisikilize, Mama. Zile dakika saba za kufanya kila mtu anavyotaka, tulizifanyia mazoezi wiki tatu. Kelvini alikuwa na saa mkononi. "Dakika ya kwanza ni mshangao. Ya pili, furaha. Ya tatu mnaona miili yenu kwa mara ya kwanza." Somoe akamwuliza, "Mie nna watoto watatu, mwili wangu sijauona bado?" Kelvini akaangalia saa yake. Wakicheza, Kelvini anapiga makofi wasimame. "Hapana. Somoe, hujawa huru bado. Rudia." Anarudia. "Kiuno kipo huru, uso haupo huru. Rudia." Watu waliozaliwa kwenye sindimba, anawaonyesha yeye namna ya kutikisa, na yeye kiuno chake kimekaza kama mlango uliovimba kwa mvua. Nilikuwa nakaa juu ya meza yangu nikimwangalia nasema moyoni, huyu kijana hajioni?

Wiki ya nne akaamua tufanye mazoezi mdomoni mwa mto Ruvuma. Eti pale ni mpaka, na mpaka ni madaraka. Tukapakiwa kwenye lori. Ruvuma pale inapoingia baharini ni tope, mikoko, na viboko ambao hawajali sanaa. Akawapanga wanawake ndani ya tope hadi magotini, wapasiane mpira huku maji yanapwa, apige picha. Asha akapoteza kiatu. Mwingine akarusha, mpira ukampita Somoe, ukaangukia majini na kwenda zake Msumbiji bila kuonyesha kitambulisho. Ulikuwa mpira wetu pekee, na Kelvini anaruka ukingoni na kamera anapiga kelele, "Huo ndio uhuru wenyewe." Mvuvi mmoja wa ng'ambo akaudaka, akaturudishia kwa mtumbwi, lakini akasema hautoi mpaka aambiwe tunafanya nini pale. Nikashindwa kumwambia. Somoe akamwelezea kwa Kimakonde, na walivyocheka wote wawili sikuuliza tafsiri.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita, siku nane sasa. Tulicheza kwenye uwanja wa wazi kule Shangani, karibu na ufukwe, mahali watu wanapotembea jioni. Kelvini alipanga viti safu safu. Wenye duka moja la vitambaa la pale wakaja na familia nzima na birika la chai. Wanawake wa banda la korosho na ndugu zao wakaja wamejaa lori, wengine kutoka Mpapura. Kelvini akashika kipaza sauti akawaomba wakae kimya na wasipige makofi mpaka mwisho, kwa sababu hili si tamasha, ni tafakuri. Mzee mmoja akauliza timu zipi zinacheza. Akaambiwa ni timu moja. Akauliza, sasa nani anafungwa.

Nikapandishwa juu ya meza kwa kukanyaga kiti. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri, nisiseme uongo. Nilipuliza, wakaganda. Nilipuliza, wakapiga magoti. Watu walikuwa kimya kabisa, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri sana mule ndani ya suti. Upande mmoja tu walianza kunizomea kwamba refa ana upendeleo.

Kisha Saidi Liponda akaanza kupiga ngoma. Saidi kazi yake ni kushona magunia pale bandani, lakini sherehe yoyote ya huku bila yeye haianzi. Mapigo ya kwanza tu, viti vikalia. Hakuna aliyebaki amekaa. Kumbe kwa watu wa hapa, ngoma ikipigwa na wewe umekaa umefunga mikono, ama una msiba ama una ugomvi na wenye shughuli. Wanawake wakaingia uwanjani na vigelegele, wanawafunga khanga kiunoni wale waliowapendeza, kama inavyotakiwa kumtunza mchezaji. Somoe alikuwa na khanga nne juu ya jezi. Mama wa duka la vitambaa akaingia na doti mpya kabisa, bado ina lebo. Kelvini anakimbia huku na huku, "Jamani kaeni, jamani mnaharibu," na bibi mmoja akamfunga khanga na yeye, akidhani anaona wivu.

Dakika saba zikaisha. Kelvini akaninyooshea mkono. Nikapuliza filimbi ndefu, kama tulivyokubaliana.

Hakuna aliyeanguka. Nikapuliza tena. Saidi hata hakuinua macho. Nikapuliza hadi mashavu yakauma. Nikasema nishuke nikawakamate mikono mmoja mmoja, nikatafuta kiti, kiti hakipo, kimechukuliwa na bibi yule yule anapumzikia mguu. Meza ilikuwa ya kimo cha kunifika kifuani, na mimi nimevaa suruali ya suti ya kuazima. Nikabaki juu. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto.

Hapo ndipo Somoe akaingia katikati ya duara. Akaweka kidole gumba mdomoni kama filimbi. Akatoa kifua mbele, akaanza kutembea mwendo fulani wa haraka haraka, visigino vinapiga chini, na mimi nikawa wa mwisho kuutambua. Uwanja mzima ulishautambua. Wanasema, "Mwalimu huyo." Akatoa sauti yangu, Mama. Lafudhi yetu ya Kirangi yote imo. "Haya, haya, haya. Hatua hiyo, umetembea na mpira. Nani amekuruhusu kunywa maji? Umechelewa, zunguka uwanja mara tano. Mtoto anaumwa? Mimi nimemwambukiza?" Wakacheka, na Asha akapiga magoti mbele yake akiomba maji. Kelvini hakuwafundisha hilo.

Akaendelea. "Somoe, umekwenda kwenye ngoma? Toka kikosini." Hiyo ni kweli. Mwaka jana binti wa dada yake alitolewa unyagoni kwa ngoma, yeye ni mama mdogo, hawezi kukosa. Kesho yake tulikuwa na mechi na Mpapura. Nilimtoa, tukafungwa, na nikasema ni funzo. Hakuwahi kulalamika. Nilidhani alikubali.

Kisha akageuka akaniangalia mimi pale juu, akainua kidole hivi ninavyokiinua, akasema, "Ngoma si kazi. Ngoma haijampeleka ntu popote."

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mimi niliumia, Mama. Nasema wazi. Maneno hayo ndiyo niliyomwambia Rehema siku ya Idi, neno kwa neno, na kidole kile kile ingawa tulikuwa kwenye simu. Nilidhani ni maneno ya mama kwa mwanawe, yaliyotoka kwenye uchungu. Kumbe ni maneno ninayomwambia kila mtu, mpaka mbangua korosho wa Ziwani anayajua kwa moyo na kuyachezea ngoma.

Walicheza karibu saa nzima. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa meza, miguu inaning'inia, suti na miwani. Walipochoka Somoe alitoka kwenye duara mwenyewe na Saidi akanyamaza papo hapo. Nikamwita Saidi, nikamuuliza kwa nini hakusikia filimbi.

"Niliisikia," akasema. "Ila namwangalia anayecheza. Akitoka, nanyamaza. Wewe ulikuwa juu ya meza."

Miaka sita nipo huku, sikukijua kitu hicho, kwa sababu sijawahi kwenda kwenye ngoma yao hata moja. Nilikuwa na mazoezi.

Somoe akaja na khanga zake nne, jasho linamtiririka, akanyoosha mikono. "Shuka mwalimu, nikushike."

Nikamwambia ameharibu onyesho. Nikamwambia dakika zilikuwa saba, tulizihesabu wiki tatu. Nilikuwa bado na hasira, nisijifanye mwema.

Hakukasirika. Aliniuliza tu, na aliuliza kwa kutaka kujua, "Kwani uhuru wenyewe ulikuwa unaisha saa ngapi?"

Nikashuka, nikamshika mabega nisianguke, nikaenda kuvua suti.

Kelvini aliondoka na basi la alfajiri bila kuaga, amenuna. Juzi kaniletea ujumbe kwamba wakubwa zake wameiona video na wamefurahi mno, hasa pale hadhira inapovunja mpaka na mwamuzi anabaki peke yake juu. Anasema ndivyo alivyokusudia. Nilitaka kumjibu nikaona nitaharibu kidole changu bure. Nguzo amezituma, lakini pete moja ni ya mpira wa kikapu.

Jumanne timu ilikuja mazoezini kama kawaida. Nilidhani wataniogopa au watanicheka. Hawakufanya hata kimoja. Asha alichelewa, akaanza mwenyewe kuzunguka uwanja kwa mazoea, nikamwita arudi, akadhani naumwa. Nikawauliza wanataka tuanze na nini. Wakaniambia wanataka kunywa maji kwanza. Basi tukakaa tukanywa maji, na mimi muda wote ule mkono unaniwasha kushika filimbi. Sitakudanganya kwamba nimekuwa mtu mwingine. Jumatano nilimfokea mmoja kwa hatua, na ilikuwa hatua kweli.

Lakini kila nikimwangalia Somoe namwona Rehema. Namwona alivyokuwa na miaka saba, kwenye harusi ya Ramadhani, alipoingia katikati ya wanawake akacheza hadi khanga ikamvuka, na mimi nikamtoa kwa mkono. Wewe uliniambia, "Mwache bwana." Nikasema atazoea vibaya. Mama, sijui kama anajua kucheza. Najua anakimbia, anaruka, anapasi kwa mkono wa kushoto. Mambo yote niliyomfundisha mimi nayajua. La kwake moja sijawahi kukaa nikalitazama mpaka mwisho, na sasa hata sauti yake siisikii.

Bado naamini nilichoamini. Shule ile ni nzuri, na ngoma inaweza isimlipe hata chumvi. Akirudi mwaka wa pili analia, nitakuwa nimesema. Lakini nimechoka kuwa nimesema.

Nisalimie wote. Kaka Ramadhani mwambie mizinga ni kazi yake yeye mwenye miguu, si yako. Wifi Tatu, mkewe, mwambie doti ya khanga anayoitaka nimeipata dukani kule Shangani, na mwenye duka bado ananiita refa. Shangazi Mwajuma, aliyenilea wewe ulipokuwa shambani, mwambie namkumbuka kwa uji wake wa ulezi na kwa makofi yake pia. Jirani yetu Mama Zubeda, salamu nyingi, na yule mbuzi wake asimruhusu tena kwenye mboga zako. Korosho nilizoweka ni za Somoe, amezibangua mwenyewe na akazichagua nzima nzima. Amesema ni za bibi yake Rehema, na za Rehema.

Fomu imo ndani ya bahasha. Nimeitia sahihi kabla sijaanza kuandika barua hii, maana najijua, ningefika ukurasa wa tatu ningebadili mawazo. Pale palipoandikwa "maoni ya mzazi" utaona nimeandika mstari kisha nikaufuta kwa kalamu nzito. Lilikuwa sharti langu, kwamba kabla ya kwenda anipigie simu. Akikuuliza palikuwa pameandikwa nini, mwambie mama yake alikosea.

Ni mimi mwanao,
Hadija